Karamu ya Alhamisi

Uwanda wa Takasani umelala kati ya mito miwili kama mtoto kati ya wazazi waliogombana: upande wa macheo unapita Mto Nuru, wenye maji maangavu lakini machache, na upande wa machweo unapita Mto Tope, wenye maji mengi yasiyonyweka mpaka yachujwe. Ndiyo maana, tangu zama ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka, wenye kuheshimiwa katika nchi hiyo walikuwa wachujaji, watu waliosimama ukingoni mwa Mto Tope na vitambaa vyao vyeupe, wakiyachuja maji na kuwagawia wenzao bila kutaka ujira wowote isipokuwa dua. Lakini dunia haikai pahala pamoja. Wajukuu wa wachujaji wale waligundua kwamba anayeaminiwa kumwambia mtu maji gani anywe anaweza pia kumwambia chakula gani ale, nguo gani avae na neno gani aseme. Wakavifungia vitambaa vya babu zao ndani ya makabati ya vioo, wakajenga jumba refu la chokaa katikati ya mji, wakajiita Baraza la Wachujaji, na kazi yao tangu hapo ikawa kuchuja kila kitu isipokuwa maji.

Alama ya Baraza ilikuwa uzi wa kijani. Kilichofungwa uzi kilikuwa halali na kisichofungwa kilikuwa haramu, wala hapakuwa na cha tatu. Uzi ulining'inia kwenye masikio ya mbuzi na shingo za chupa za mafuta, kwenye vishikio vya masufuria, kwenye matari ya kasida na kwenye vitasa vya milango ya nyumba ambazo wenyewe walikuwa wamekaguliwa mienendo yao. Halua ya ufuta ilikuwa halali mwaka mmoja na haramu mwaka uliofuata, kwa sababu mpishi wake mkuu alichelewa kupeleka salamu za Idi jumbani. Hina ya nyayo iliruhusiwa, ya viganja ikakatazwa, kisha nayo ikaruhusiwa wiki ile mke wa Mchujaji Mkuu alipoalikwa harusini. Riba ilikuwa haramu kabisa na ililaaniwa kila Ijumaa kwa sauti ya kutetemesha madirisha. Kile ambacho Baraza lenyewe liliwatoza wakulima waliokopeshwa mbegu kilikuwa na jina lake jingine, kiliitwa ahsante. Na kila mtu, tangu siku ya akika yake, aliponyolewa nywele za kuzaliwa, alifungwa uzi wake kwenye kifundo cha mkono. Aliyekatwa uzi hauziwi, haamkiwi, wala hanyooshi mkono kwenye sahani moja na wenzake.

Juu ya yote hayo aliketi Mchujaji Mkuu Luhama, mtu mrefu mwenye sauti nyororo kama samli iliyoyeyuka na kipaji cha kulia kila anapotaka. Watu walimpenda kwa machozi yale. Walisema mtu anayelia hivyo kwa kuwaogopea wenzake moto hawezi kuwa mbaya, na huenda ni kweli kwamba hapo mwanzo hakuwa mbaya.

Katika mji huo aliishi mchinjaji mmoja jina lake Hamduni, ambaye aliupenda uzi wa kijani kwa moyo mweupe. Alikuwa mtu wa makamo, mnene wa mabega, mpole wa maneno, aliyerithi kisu na kazi ya machinjio kwa baba yake. Kazi yake aliifanya kwa adabu: alinoa kisu mahali ambapo mnyama hakioni, hakumchinja mmoja mbele ya macho ya mwingine, alimnywesha maji kwanza, akamlaza taratibu kuelekea kibla, na alipotamka "Bismillahi, Allahu Akbar" alitamka kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyokuwa yake, akingoja aruhusiwe. Zaidi ya hapo hakujisumbua. Uzi ulimpumzisha. Wengine walikesha wakijiuliza kama walichokula mchana kilikuwa safi. Yeye aliangalia sikio la mnyama, akaona kijani, akalala usingizi. Alizoea kumwambia mkewe, Raya, kwamba Mungu ameiwekea Takasani watu wa kufikiri ili wengine wapate nafasi ya kufanya kazi.

Mwaka wa kisa hiki, mvua za masika zilipita juu ya Takasani kama wageni wasioijua nyumba. Majani yaligeuka rangi ya magunia, Mto Nuru ukabaki mstari wa unyevu kati ya mawe, na ng'ombe wakawa mbavu zinazotembea. Ni mwaka huo huo ambao Baraza lilikamilisha kujenga Ukumbi wa Usafi, jengo lenye kuba la shaba lililong'aa hata likaumiza macho ya watu kutoka ng'ambo ya mito. Ukumbi kama huo haufunguliwi kwa sahani ya uji. Ikatangazwa karamu kubwa ya shukrani, mji mzima umealikwa, na siku ikachaguliwa kuwa Alhamisi, ili watu waamke Ijumaa wakiwa wameshiba na kuisikiliza hotuba kwa utulivu.

Tatizo lilikuwa nyama. Mazizi ya Baraza yalikuwa na ng'ombe, ila walikuwa wamekonda kama ng'ombe wa watu wengine, na Baraza lisingeweza kujidhihirisha kuwa hata lenyewe linaonewa na jua. Basi wakatumwa wakata nyuzi. Hawa walikuwa watumishi wenye makoti meupe na mikasi midogo mifukoni, waliopita mitaani kukagua mifugo, na palipokuwa na mnyama mwenye afya, uzi wake ulikutwa umechakaa, au umefungwa sikio lisilo lake, au rangi yake si kijani barabara. Mkasi ukafanya kazi yake, na mnyama, akiwa sasa hana uzi na kwa hiyo haramu kwa mwenyewe, akaswagwa mpaka zizi la Baraza kutakaswa. Huko alifungwa uzi mpya. Kilichokuwa haramu kwenye kamba ya maskini kikawa halali kwenye zizi la jumba, na njia kati ya hapa na pale haikuwa ndefu.

Jumanne jioni, Hamduni akiwa kibarazani kwake, ilipigwa hodi. Aliyeingia alikuwa Bi Hadia, mjane mkongwe wa mtaa wa Kisimani, ambaye tangu mwanawe afariki alilea peke yake wajukuu zake. Marehemu aliwaachia watoto hao maksai mmoja, jina lake Subira, na Subira ndiye aliyevuta kamba ya kisima kirefu kilichonywesha vitalu vyao vya mchicha na bamia. Katika ukame ule, vitalu hivyo ndivyo vilivyowaweka hai.

"Karibu mama, karibu kitako," Hamduni alisema, akamtandikia mkeka. "Raya, lete maji."

"Sihitaji maji, mwanangu." Bi Hadia aliketi polepole, mkono mmoja ukishika goti. "Wamemchukua Subira."

"Nimesikia, mama. Pole sana."

"Alikuwa na uzi. Yule Zahoro, mtoto wa jirani yangu niliyempokea mimi mwenyewe siku ya kuzaliwa kwake, ameukata mbele ya macho yangu. Kisha ameusogeza pembeni kwa kiatu, akaniambia, 'Bibi, ng'ombe wako hana uzi.'"

Hamduni alitazama chini. "Baraza lina hekima zake, mama. Pengine sisi hatuoni wanachokiona."

"Sikuja kubishana na hekima za watu. Wala sikuja kukuomba unirudishie, najua huna uwezo huo. Nimekuja kukuuliza neno moja, kisha niende zangu." Alimtazama usoni bila ukali, kama anayemtazama mtoto mwenye homa. "Alhamisi utamlaza Subira kuelekea kibla. Utalitaja jina la Mungu juu yake?"

"Ndivyo tunavyochinja, mama. Siku zote."

"Ng'ombe wa yatima. Utalitaja?"

Bi Hadia hakungoja jibu. Alijikongoja akainuka, akamwombea heri yeye na mkewe, akatoka; na dua ile ya heri ilimchoma Hamduni kuliko laana, kwa sababu laana angeweza kuikasirikia.

Usiku huo hakulala vizuri, na asubuhi alikwenda kumtafuta mtu wa kumrudishia usingizi wake. Alimwendea Maalim Rajihi, mwanachuoni wa Baraza, ambaye walikuwa wamesoma pamoja utotoni chuo kimoja, wakichapwa fimbo moja na kugawana muhogo mmoja. Rajihi alikwenda mbali katika elimu. Hamduni alibaki na juzuu chache na kisu. Alimkuta kwenye chumba chake jumbani, akipiga mihuri.

"Nina swali dogo," alisema Hamduni baada ya salamu. "Mali ya yatima iliyochukuliwa bila ridhaa yao. Ikichinjwa, inalika?"

Rajihi hakuinua kichwa. "Unamzungumzia yule maksai wa Kisimani. Huyo uzi wake ulikatika. Mnyama asiye na uzi hana mwenyewe, na asiye na mwenyewe ni wa Baraza."

"Haukukatika. Umekatwa."

"Umekatwa na mkasi."

"Na mkasi ulikuwa mkononi mwa nani?"

Mwanachuoni aliweka muhuri mezani. Akainuka, akaufunga mlango, akarudi kuketi, na sauti yake sasa ilikuwa ile ya zamani, ya kunong'onezana mkekani chuoni. "Hamduni, unadhani umekuja kunifundisha? Kila mtoto aliyeketi chuoni anajua mla mali ya yatima ameambiwa anakula moto. Mimi najua hukumu yake kwa dalili zake na kauli za wanavyuoni wake, moja baada ya moja. Ningeweza kukusomea hapa mpaka adhuhuri."

"Basi kwa nini usiwasomee wao?"

"Kwa sababu wao pia wanajua." Rajihi alijipangusa uso kwa kiganja. "Nina mabinti wa kuozesha na mama aliyelala kitandani. Wakinikata uzi mimi, nani atamuuzia mama yangu dawa? Chinja, ndugu yangu. Dhambi ni ya aliyeamuru. Wewe ni mkono tu."

Hamduni alishukuru, akaaga. Njiani alikuwa akijitazama mkono wake wa kulia, akiukunja na kuukunjua, akijaribu kuuona kama kitu kisichokuwa chake.

Nyumbani, Raya alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho yasiyopitwa na jambo. Alimwacha mumewe akae, akamwacha anywe maji, kisha akasema bila kuacha kuchambua, "Nyumba hii ni ya machinjio ya Baraza. Ukiacha kisu, tunahama."

"Sijasema naacha."

"Hujasema. Lakini tangu jana hujanoa."

Chembe za mchele ziliruka na kutua kwenye ungo kwa mlio wa mvua ndogo, mvua ambayo nje haikuwapo.

"Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" aliuliza Hamduni.

"Mimi ningechinja." Raya alipuliza makapi. "Naogopa njaa kuliko unavyoiogopa wewe, maana wewe hukuionja utotoni na mimi niliionja. Ningechinja, kisha kila ukinitazama ningekuwa natazama ukutani. Sasa usiniulize tena. Amua, nami nitafunga mizigo au nitapika."

Alhamisi jua lilichomoza likiwa kali tayari. Uwanja wa mbele ya Ukumbi wa Usafi ulifagiliwa mpaka udongo ukang'aa, na watu walijaa, wake kwa waume, wakiwa na nguo zao za Idi zilizokuwa sasa pana miilini. Uchinjaji ungefanywa hadharani, kwa kuwa Baraza lilikuwa limetoa amri, mwaka mmoja uliopita, kwamba nyama yoyote ambayo jina la Mungu halikutamkwa juu yake kwa sauti ya kusikiwa na mtu wa mwisho aliyehudhuria ni haramu, uzi au pasi uzi. Amri hiyo ilikusudiwa kuwatesa wachinjaji wadogo wa vijijini waliochinja majumbani kwao. Wachujaji waliketi chini ya mwavuli wa kitambaa cheupe. Ng'ombe walipangwa nyuma ya pazia la turubai, na wa kwanza kuletwa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na afya kuliko wote, alikuwa Subira.

Wasaidizi walimlaza. Hakupambana, alikuwa mnyama aliyezoea kuamrishwa. Hamduni alipiga goti, akamshika taya, akakiinua kisu chake, ambacho mwishowe alikuwa amekinoa, kwa maana alijiambia kwamba akichinja au asichinje, kisu butu ni dhuluma. Uwanja ulinyamaza ukingoja neno lake. Aliyasikia makuti ya mapaa yakipasuka kwa joto. Aliusikia moyo wa maksai chini ya kiganja chake, ukipiga polepole bila haraka yoyote. Neno alilokuwa amelitamka maisha yake yote lilipanda mpaka kooni na kusimama hapo, kama mtu mwaminifu aliyefikishwa mlangoni mwa nyumba ya wizi akakataa kuingia.

Watu walianza kutazamana. Hamduni aliinua kisu kutoka shingoni mwa maksai, akasimama.

"Kuna nini, Hamduni?" aliuliza Mchujaji Mkuu Luhama kwa sauti yake ya samli. "Unaumwa?"

"Siumwi, bwana."

"Huwezi kuchinja leo?"

"Kuchinja naweza. Kulitaja jina juu yake ndiyo siwezi. Huyu ng'ombe ni wa wajukuu wa Bi Hadia." Aliushusha mkono wenye kisu. "Nimejaribu, bwana. Halitoki."

Luhama alitabasamu kwa huzuni, macho yakaanza kumlengalenga, akaashiria kwa kidole. Zahoro, mkata nyuzi, akatoka mstarini na koti lake jeupe, akaushika mkono wa Hamduni, na mkasi ukasikika mpaka nyuma kabisa ya umati. Uzi wa Hamduni ukaanguka. Wale waliokuwa karibu naye wakarudi nyuma hatua moja, kwa mazoea zaidi kuliko kwa chuki, na akabaki amesimama katikati ya duara tupu, mkewe akimtazama kutoka upande wa wanawake bila kugeuza uso.

Wakaamriwa wasaidizi wachinje. Walitazama mikono yao. Mmoja akasema ana kikohozi, mwingine akasema yeye bado mwanafunzi, hajapewa idhini na mwalimu wake, na mwalimu wake ndiye huyo aliyekatwa uzi. Ndipo macho ya watu yakasogea, polepole, kama kivuli cha jioni, mpaka chini ya mwavuli. Wachujaji nao ni Waislamu wazima. Kisu hakimkatai mtu. Lakini Mchujaji wa Vyakula alikuwa na udhu ambao hakutaka kuutia damu, Mchujaji wa Mavazi alikuwa na kanzu ya kuazima, na Mchujaji wa Ndimi alisema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba heshima hiyo haimstahiki mwingine ila mkuu wao.

Luhama akasimama. Alikunja mikono ya joho, akashuka ngazi, akachukua kisu kwa vidole vya mtu ambaye kwa miaka mingi hakushika chochote kizito kuliko kalamu. Aliinama juu ya Subira. Kabla hajafungua kinywa, alitupa jicho moja kwa wapiga matari, na matari yakalipuka, yote kwa pamoja, kwa kishindo cha furaha kilichoamriwa. Midomo ya Mchujaji Mkuu ilionekana ikitikisika. Waliokuwa mbele walisema baadaye kwamba alitamka. Wengine, waliokuwa mbele vile vile, walisema hakutamka, alihesabu tu meno yake kwa ulimi. Hakuna aliyesikia. Kilichoonekana na wote ni kwamba kisu kilikwenda mara moja, kikarudi, kikaenda tena, na maksai ambaye hakupambana mwanzo akapambana mwisho, na Hamduni ndani ya duara lake tupu alifumba macho akalia kama anayelia msibani. Bi Hadia hakulia. Aliwaziba wajukuu zake nyuso kwa kanga yake, akawa anaangalia yeye kwa niaba yao.

Ng'ombe wengine walichinjwa vivyo hivyo, na Wachujaji wengine sasa wakiwa wameona njia, huku matari yakilia juu ya kila mmoja. Nyama ikapikwa katika masufuria makubwa, na harufu ya iliki, bizari na samli ikatambaa juu ya umati ambao haukuwa umeonja nyama tangu mfungo mosi, mwezi wa Idi ndogo. Watu walimeza mate. Kuna watoto walioanza kulia kwa harufu tu. Baada ya sala ya alasiri masinia yalitandazwa ukumbini, wali umefurika, mapande ya nyama juu, na kila sinia limefungwa uzi wa kijani ukingoni.

"Bismillahi, karibuni," alisema Luhama, safari hii kwa sauti iliyosikika vizuri sana.

Hakuna mkono ulionyooka.

Sinia la kwanza lilikuwa mbele ya wanavyuoni, na Mchujaji Mkuu, ambaye alijua watu hufuata mkono wa mwenye kilemba, alimgeukia Maalim Rajihi. "Maalim, tufungulie."

Jasho lilimtiririka Rajihi kutoka chini ya kilemba. Alilitazama pande la nyama, akamtazama Luhama, kisha kwa muda mfupi mno akatazama nje mlangoni, ambapo mchinjaji aliyekatwa uzi alikuwa ameketi peke yake juani.

"Uniwie radhi, bwana," alisema. "Leo Alhamisi. Nimefunga."

Baadhi ya watu wangeapa kwamba walimwona asubuhi ile akinywa kahawa barazani kwake. Lakini hakuna aliyeapa, wala hakuna aliyeulizwa. Luhama alimgeukia aliyefuatia.

"Nami nimefunga, bwana. Sunna ya Alhamisi."

"Nimefunga."

"Tumefunga, baba, mimi na mama watoto."

Neno lilikwenda sinia kwa sinia, likatoka kwa wanaume likaenda kwa wanawake, kwa adabu, kwa sauti za chini, kila mtu akiweka mkono kifuani kama anayeomba radhi kwa kosa dogo. Muuza mkaa alikuwa amefunga. Washona kofia walikuwa wamefunga. Walinzi wa mlangoni walipokaribishwa nao walikuwa wamefunga. Na mtu aliyefunga hatukanwi, halazimishwi, wala hakuna wa kumtia kidole kinywani ajue. Kwani swaumu, tofauti na sala na zaka na hija, haina mahali panapoonekana. Luhama alizungusha macho juu ya mji mzima ulioketi mbele ya chakula chake ukiwa na njaa ya wazi kabisa, na kwa mara ya kwanza machozi yake, alipoyahitaji, hayakuja.

"Basi tutangoja magharibi," alisema. "Mtafuturu hapa hapa."

Wakangoja. Samli iliganda juu ya wali ikawa utando mweupe. Jua lilipozama na adhana ikaadhiniwa, watu walitoa kwenye mikunjo ya nguo zao tembe ya tende, kipande cha muhogo mkavu, funda la maji ndani ya kibuyu. Wakafuturu, wakanyanyuka kwenda kusali, na kutoka kwenye sala wakaenda makwao, wakimshukuru mwenyeji kwa ukarimu wake. Bi Hadia alipita nje ya mlango, akamega muhogo wake, nusu akampa Hamduni mkononi, mkono usio na uzi, mbele ya yeyote aliyetaka kuona.

Wachujaji walibaki na masinia. Wengine husema walikula usiku ule wenyewe kwa wenyewe bila kutazamana. Wengine husema walizika. Nchi ya Takasani haijakubaliana juu ya hilo mpaka leo. Linalojulikana ni kwamba Jumamosi Baraza lilitoa amri mpya: kufunga nje ya mwezi wa Ramadhani ni haramu isipokuwa kwa idhini, na atakayepewa idhini atafungwa uzi. Lakini Wachujaji walikaa siku nzima wakibishana uzi huo ufungwe wapi. Mkononi hapakufaa, kwa kuwa mkono haukufunga. Na tumbo limefunikwa. Na nia, ambayo ndiyo swaumu yenyewe, hakuna mkasi wala sindano iliyowahi kuigusa. Mwishowe wakaamua kwamba Jumatatu watumishi watapita nyumba kwa nyumba na sahani za wali, na kila mtu atakula tonge moja mbele ya macho yao.

Jumatatu mchana, Hamduni na Raya walikuwa wamefunga mizigo yao uani, maana nyumba ya machinjio walikuwa wametakiwa waiache ifikapo jioni. Raya alikuwa akikaza kamba ya godoro kwa goti. Hakuwa amesema mengi tangu Alhamisi, ila kila mumewe alipomtazama, naye alimtazama.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Zahoro, koti lake jeupe limelowa jasho mgongoni, mkononi sahani ya wali uliopoa.

"Nimeamriwa nione ukila," alisema.

Hamduni alisimama kizingitini. Hakunyoosha mkono, wala hakurudi nyuma. Alimtazama usoni kijana yule aliyemkata uzi; na alipomtazama, aliona kwamba midomo yake imekauka na kupasuka, na pembeni mwa kinywa pana ile rangi nyeupe ya mtu ambaye hajagusa maji tangu alfajiri. Zahoro aliona kwamba ameonwa. Akaiziba midomo yake kwa kiganja kama anayekohoa, ingawa hakukohoa.

"Umepita nyumba nyingi?" Hamduni aliuliza kwa upole.

"Nyingi, mzee."

"Wanakula?"

Zahoro alitazama barabarani kushoto na kulia, ambapo watumishi wenzake walikuwa wakitoka milango ya watu mmoja mmoja, sahani zao zimejaa au zimekwisha, kutoka pale haikuwezekana kujua. Kisha aliinama, akaiweka sahani chini kizingitini taratibu, akageuka, akaenda zake bila kuaga.

Kuku wa Raya walikuja mbio kutoka uani. Jogoo alizunguka sahani mara moja kwa mashaka, akadonoa, akaita wenzake.